Dozi Ndogo Si Jambo Dogo

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa miaka mingi tumeitumia methali hiyo kuwahimiza wananchi waweke akiba, wapande miti na wachangie ujenzi wa madarasa. Ni nadra kuitumia katika jambo la dawa. Lakini leo, ndugu msomaji, sioni methali nyingine inayolifaa zaidi suala ninalotaka kulijadili, suala ambalo watu wa mwambao na visiwa vya ziwa letu hulinong'ona bila kulisema wazi. Wapo miongoni mwetu watu waliozaliwa na kulelewa kama wasichana, ambao nafsi zao huwaambia kwamba wao ni wanaume, au kwamba jina la mwanamke haliwaenei. Baadhi yao wanafikiria kutumia homoni iitwayo testosteroni kwa kipimo kidogo, ili mwili ubadilike taratibu, pasipo kishindo.

Najua wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la ughaibuni na halituhusu. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka lilipoingia ofisini mwangu kwa miguu yake.

KIJANA NA KICHUPA

Alifika asubuhi na mapema, akiwa ameshuka katika mtumbwi wa injini ulioleta dagaa mwaloni. Kisiwa alikotoka sitakitaja, wala jina lake, wala kazi yake, kwa sababu visiwani kila mtu humtambua mwenzake hata kwa mwendo. Itoshe kusema kwamba wazazi wake walimlea kama binti, na kwamba yeye tangu utotoni hakujiona hivyo. Lugha yetu ya Kiswahili ina uungwana wake katika jambo hili: tukisema "yeye", hatuulizi kwanza kama ni mume au mke. Basi nitamwita kijana, neno linalowatosha wote.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Hakuketi. Alitoa mfukoni kichupa cha kioo kilichoviringishwa katika kitambaa, akakiweka juu ya meza yangu. Alikinunua kwa mtu mmoja mjini anayewauzia vijana wanaonyanyua vyuma. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya rangi ya manjano hafifu, na maandishi yake yalisema miligramu 250. Alieleza kwamba wenzake walimwambia kuwa mtu akijidunga kidogo sana, mwili hubadilika pole pole kiasi kwamba mama na majirani watazoea bila kushtuka. Na kwamba yakimshinda ataacha, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Alitaka kumwuliza daktari kama hayo ni kweli. Zahanati ilimwambia alete kwanza barua ya serikali ya kijiji. Katika ofisi ya kijiji walimcheka, na mtumishi mmoja akayarudia maneno yake kwa sauti kubwa mbele ya watu waliokuwa wakingoja mihuri yao.

Nami, ndugu msomaji, sikufanya vizuri zaidi. Nilimhutubia. Nilizungumza juu ya mila, juu ya malezi, juu ya vijana kuiga ya wageni, kwa muda wa kama nusu saa, utadhani nimesimama jukwaani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Ndugu Katibu, sikuja kuomba ruhusa ya kuwa nilivyo. Nimekuja kuuliza kama dawa hii itaniua."

Swali lile sikuwa na jibu lake. Nikatambua kwamba katika milango mitatu aliyobisha, pamoja na wangu, hakuna hata mtu mmoja aliyelijibu. Kila mmoja wetu alijibu swali ambalo hakuulizwa. Ndiyo sababu nimesoma, nimewauliza wanaojua, na nimeona niandike.

HOMONI HII NI KITU GANI?

Testosteroni si uchawi wala si uzushi wa juzi. Ni homoni, yaani kichocheo ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na kukituma katika damu ili kuamrisha viungo vikue na kufanya kazi kwa namna fulani. Mwaka 1935, wataalamu wa maabara ya Ernst Laqueur mjini Amsterdam waliitenga kutoka katika korodani za fahali na kuipa jina hilo. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kwa njia yake, waliweza kuitengeneza katika maabara, na mwaka 1939 wakatunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia. Tangu wakati huo madaktari huwapa wanaume ambao miili yao haiitoi ya kutosha. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu.

Wengi hudhani kwamba homoni hii ni mali ya wanaume peke yao. Si hivyo. Mwili wa kila mwanamke huitengeneza pia, ila kwa kiasi kidogo. Damu ya mwanaume mzima huwa nayo kwa wastani zaidi ya mara kumi ya damu ya mwanamke. Wako pia wanawake ambao Mwenyezi Mungu amewaumba miili yao ikiwa na kiasi kikubwa kuliko kawaida. Jambo hili lilivuma katika nchi zetu baada ya mashindano ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, pale Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya walipopata nishani za fedha na shaba katika mbio za mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye, shirikisho la riadha la dunia lilitangaza kanuni ya kuwataka wakimbiaji wa namna hiyo washushe homoni yao kwa dawa kama wanataka kuendelea na mbio hizo. Hapo watu wetu walijifunza kwamba homoni moja inaweza kuamua riziki ya mtu.

Kijana wa kisiwani hakuwa katika hali ya wakimbiaji hao. Mwili wake, kwa kadiri ajuavyo, ni wa kawaida wa kike. Yeye anataka kuiongeza homoni ambayo wengine waliamriwa waipunguze. Hata hivyo somo ni lile lile: jambo hili huamuliwa kwa vipimo vya damu, wala haliamuliwi kwa kelele.

DOZI NDOGO HUFANYA NINI?

Katika nchi ambako matibabu haya hutolewa kwa utaratibu, daktari huanza kwa kumwuliza mtu historia ya afya yake, hupima damu na shinikizo la damu, na ndipo huandika kipimo. Mwongozo wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliotolewa mwaka 2016, unataja miligramu 20 kwa wiki kuwa kipimo kidogo cha kuanzia, miligramu 50 kwa wiki kuwa kipimo cha kawaida, na miligramu 100 kuwa kikomo. Wako wanaotaka kubaki katika kipimo kile kidogo kwa muda mrefu. Wengine hupenda mabadiliko yaje kidogo kidogo ili waone kama yanawafaa. Wengine hawataki kufika mwisho wa njia. Wanataka kusimama katikati. Wengine huogopa jamaa zao.

Sababu hizo zina maana, wala si za kudharauliwa. Mtu anayekwenda taratibu hupata nafasi ya kusimama na kufikiri. Lakini hapa ndipo methali ya haba na haba inapoingia. Kipimo kidogo hupunguza mwendo, hakibadilishi njia. Mtu anayetumia dozi ndogo kwa miaka huelekea kule kule anakoelekea anayetumia dozi kubwa, ila huchelewa, na pengine baadhi ya mabadiliko hayakamiliki. Wala hawezi kuchagua kama mtu anayechagua vitambaa dukani, aseme: nataka sauti nzito bali sitaki ndevu, nataka misuli bali sitaki upara. Mwili hupokea amri yote kwa pamoja, nao hutii kwa kadiri ya damu ya wazazi wake.

Yapo mabadiliko yanayoweza kurudi mtu akiacha dawa. Hedhi iliyokatika huweza kuanza tena. Nayo, kwa dozi ndogo, huenda isikatike kabisa. Mafuta ya mwilini yaliyohama kutoka nyongani huweza kurejea. Misuli iliyoongezeka hupungua. Chunusi, ambazo aghalabu huwa nyingi katika mwaka wa kwanza, hupoa.

Lakini yapo mengine yasiyorudi. Sauti ni ya kwanza. Huweza kuanza kukwaruza na kuzama ndani ya miezi mitatu tu ya mwanzo, na ikishazama haipandi tena kwa kuacha dawa, kwa kuwa nyuzi zenyewe za sauti zimenenepa. Ndevu zikishaota, vinyweleo vyake hubaki. Kinembe hukua na hakirudi kama kilivyokuwa. Nywele za kichwani zikianza kupungua kwa namna ya upara, hazina ahadi ya kurejea. Basi yule anayesema, "nitajaribu kidogo, yakinishinda nitaacha," amesema nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba katika kisiwa chenye nyumba mia mbili, sauti ndiyo itakayotangulia kutangaza habari, na sauti ndiyo isiyorudi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hudanganyana. Hudhani kwamba mtu anayetumia testosteroni hawezi kushika mimba. Si kweli. Hata hedhi ikikatika, yai huweza kupevuka; na mimba ikitungwa wakati dawa ingali mwilini, mtoto wa kike aliye tumboni huweza kudhurika katika maumbile yake. Testosteroni si dawa ya uzazi wa mpango, na dozi ndogo hasa haimkingi mtu na lolote.

HATARI YA KICHUPA BILA DAKTARI

Sasa turejee kwenye kile kichupa kilichowekwa mezani kwangu. Kilikuwa na mililita moja ya dawa yenye miligramu 250. Kichupa cha namna hiyo kimekusudiwa mwanaume mwenye upungufu, naye hudungwa kwa vipindi vya wiki kadhaa. Hesabu yake mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuifanya: anayetaka miligramu 20 kwa wiki anahitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Katika bomba la kawaida la mililita tano linalouzwa kila mahali, kiasi hicho hakionekani hata kwa alama moja. Mtu aliyedhamiria dozi ndogo huishia kujidunga kwa kukisia, naye akikisia huzidisha. Na akijidunga chote mara moja, ameingiza mwilini kipimo cha wiki kumi na mbili kwa siku moja.

Aidha, kichupa cha kioo kikishavunjwa shingo hakifungiki tena. Dawa iliyobaki huingia vumbi na vijidudu. Kijana wangu alikuwa amepanga kukiziba kwa nta na kukificha ndani ya paa la nyumba. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kufika kwenye jipu la paja, na kutoka kwenye jipu kufika kwenye sumu ya damu, na kisiwa kiko mbali na hospitali. Sindano moja ikitumiwa na wawili, UKIMWI na homa ya ini hupita humo bila kuuliza nani alikuwa na nia njema. Iko pia dawa ya namna hii iliyo katika mfano wa ute wa kupaka ngozini. Hiyo nayo, kama haikuachwa ikauke na kufunikwa, huambukia ngozi ya mtoto au mjamzito anayelala pembeni. Nanyi mnajua watu wangapi hulala chumba kimoja katika kambi za wavuvi na za wachimba dhahabu.

Kadhalika homoni hii huongeza chembe nyekundu za damu. Zikizidi mno, damu huwa nzito na huweza kuganda. Ndiyo maana mahali ambako kazi hii hufanywa ipasavyo, damu hupimwa takriban kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Kipimo hicho si cha ajabu. Ni kile kile cha wingi wa damu ambacho wajawazito wetu hupimwa. Kinachokosekana ni mtu anayeweza kukiomba bila kulazimika kujidhalilisha.

Hili ndilo jibu la swali lake. Dawa ile, kwa kipimo sahihi na chini ya jicho la daktari, kwa kawaida haimwui mtu mzima mwenye afya. Inayoua ni ile ya kukisia, ya sindano ya kuazima, na ya mgonjwa anayeogopa kusema alichojidunga hata pale anapochomwa na homa.

DINI, SHERIA NA MAJIRANI ZETU

Nililelewa chuoni kabla sijaingia shule ya Serikali, na katika elimu ya mirathi tulifundishwa habari za huntha, yaani mtu aliyezaliwa na dalili za kiume na za kike pamoja. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi hawakumtupa mtu huyo, wala hawakumkatia neno kwa pupa. Walisema apewe katika urithi kile kiasi ambacho ni chake kwa hali zote mbili, na kilichobaki kiwekwe mpaka jambo lake libainike. Nimeukumbuka mara nyingi ustahimilivu ule. Walioandika vitabu vile hawakuwa na maabara, lakini walijua kungoja.

Hata hivyo nisiwachanganye wasomaji. Kijana wa kichupa si huntha, na wanazuoni wengi wa Sunni hawaruhusu mtu mwenye maumbile kamili kuyabadili. Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka lilitoa uamuzi wa namna hiyo mwaka 1989. Nchini Iran, Imamu Khomeini alitoa fatwa ya kuruhusu. Makanisa nayo yana mafundisho yake. Sina cheo cha kuwahukumia mashehe na mapadre. Ninachosema ni hiki: swali la halali na haramu lina mahali pake na watu wake, nalo halimnyang'anyi mtu haki ya kuambiwa ukweli juu ya mwili wake na yule aliyesomeshwa kwa fedha za umma ili auseme.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haina sheria inayoweka utaratibu wa mtu mzima kubadili jinsi yake katika vyeti. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu matendo ya kujamiiana kinyume cha maumbile. Hakisemi neno juu ya homoni, wala juu ya mavazi, wala juu ya mtu kumwuliza mganga swali. Kwa hiyo mtumishi anayemtisha mtu kwa polisi kwa sababu tu ameuliza habari za dawa ameongeza sheria ambayo Bunge halikuitunga. Mwezi Februari mwaka 2017 Wizara ya Afya ilipozuia huduma za UKIMWI katika vituo 40 vya watu binafsi, Waziri wa wakati huo, Ndugu Ummy Mwalimu, alieleza kwamba huduma zitaendelea kupatikana katika vituo vya Serikali. Tukilishika neno hilo kwa dhati, basi mlango wa zahanati ya Serikali ndio hasa usiofungwa.

Majirani zetu wana mafunzo kwa watu wa madaraka. Mjini Kampala, mwezi Julai mwaka 2005, mwenyekiti wa baraza la mtaa aliiingilia nyumba ya Victor Mukasa, mtu aliyelelewa kama msichana na anayeishi kama mwanaume. Nyaraka zilichukuliwa pasipo hati, na mgeni wake, Yvonne Oyo, akakamatwa na kudhalilishwa. Tarehe 22 Desemba 2008, Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu ya Uganda aliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na Serikali ikaamriwa ilipe fidia. Kiongozi wa mtaa alitaka kuonyesha ukali. Hazina ya taifa ndiyo iliyolipa.

Nchini Kenya, Audrey Mbugua, aliyelelewa kama mvulana na anayeishi kama mwanamke, alishindwa kwa miaka kupata kazi kwa kuwa jina la cheti chake cha mitihani halikulingana na sura yake. Mwezi Oktoba mwaka 2014 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya. Mwanadamu yule alikuwa amefaulu mtihani wake kwa akili yake, na taifa lilikuwa linapoteza kazi ya mikono yake. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambamo hali ya mtu kutolingana na jinsi aliyopewa wakati wa kuzaliwa imeondolewa katika fungu la magonjwa ya akili na kuwekwa katika fungu la afya ya kijinsia.

WAJIBU WETU

Sisi watu wa pande hizi tuna kumbukumbu ambayo wengine hawana. Mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, na wakati huo Chato yetu ilikuwa sehemu ya Biharamulo, ndani ya mkoa huo huo. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, lakini nimekua nikiyaona makaburi. Wazee wanajua jinsi ugonjwa ule ulivyopewa majina ya kuficha, jinsi watu walivyosema umetokana na laana au na uchawi, na jinsi aibu ilivyowafunga midomo wagonjwa mpaka wakafa. Tulianza kupona siku tulipokubali kulizungumza jambo la mwili kwa maneno yake. Je, tumelisahau somo hilo upesi hivi?

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu watumishi wa Serikali na wa mabaraza: kazi ya muhuri ni kuthibitisha kwamba mtu ni mkazi. Haikuwekwa ili mwenye muhuri amchungulie mkazi chini ya nguo zake. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi, na makemeo yale hayajachakaa. Anayeomba rufaa ya kwenda kumwona daktari apewe bila mahubiri. Siri ya mgonjwa ikitoka mdomoni mwa mtumishi, mtumishi huyo achukuliwe hatua kama yule aliyeiba dawa, maana ameiba kitu kikubwa zaidi.

Nawaambia waganga na wauguzi wa zahanati: hamkuagizwa kuandika dawa msiyoruhusiwa kuiandika. Mnaloweza ni kusikiliza, kupima wingi wa damu na shinikizo la damu, kueleza ni lipi hurudi na ni lipi halirudi, na kumpeleka mtu kwa daktari bingwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko hapa hapa Chato. Bugando iko Mwanza, na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, hatungoji tena kivuko katika njia hiyo. Nawaambia wakaguzi wa dawa: testosteroni ni dawa ya cheti, nayo inauzwa kwa vijana wa vyuma kama karanga. Mfuateni muuzaji, msimfuate mnunuzi aliyekuja kuuliza.

Nawaambia wananchi wa visiwani, hasa kina mama na kina baba: mtoto anayekwambia jambo zito amekuheshimu. Unaweza usilikubali. Unaweza ulie usiku kucha. Lakini ukimfukuza, atakwenda kwa mwenye kichupa, naye mwenye kichupa hatamwuliza kama amekula.

Na ninyi vijana mnaolifikiria jambo hili, sikilizeni neno la mtu aliyekuwa mjinga wa jambo hili mwaka jana. Kwenda pole pole ni busara, lakini pole pole ya sindano si sawa na pole pole ya fikra. Fikra ukiirudisha nyuma hurudi. Sauti hairudi. Tangulizeni fikra, na mtafuteni mtu wa kweli wa kuwajibu, kabla hamjavunja shingo ya kioo.

Kijana yule nilimwandikia barua yenye mistari mitatu. Nilieleza kwamba ni mkazi wetu na kwamba anaomba kumwona daktari, sikuandika zaidi. Nilimwomba aniachie kichupa, akakataa. Alisema atakaa nacho mpaka apate jibu. Baada ya wiki tano alirudi. Daktari wa hospitali moja kubwa hakumwandikia dawa, na alimweleza wazi kwamba hana utaratibu wa kuiandika. Lakini alimpima damu, alimkalisha kitini kwa muda mrefu, na alimwambia habari za sauti, za mimba na za uzito wa damu. Hilo la sauti hakuwa amelisikia kwa mtu yeyote.

"Sasa umeamua nini?" nikamwuliza.

"Bado, Ndugu Katibu," akajibu. "Lakini sasa najua ninachokifikiria."

Akakitoa kichupa mfukoni, kikiwa kizima, akakiweka mezani pangu, na safari hii hakukichukua. Nilikikabidhi kwa mfamasia wa wilaya. Uamuzi wake sijui utakuwa upi, wala si wangu. Wangu ulikuwa ni ile mistari mitatu, ambayo ningeweza kuiandika siku ya kwanza, nikamwokolea nusu saa ya hotuba.